Ndani ya Gari Kuukuu la Spoti

Magari ya spoti hayakuundwa kwa ajili ya mizigo. Mtu anayenunua mojawapo likiwa limekwisha kutimiza robo karne, akaishi nalo Morogoro, mji ambao mwenyeji wake haendi milimani mikono mitupu wala harudi mikono mitupu, hukabiliwa kwa muda wa siku chache na masuala ambayo wahandisi waliolichora hawakuwa na haja ya kuyafikiri: maji ya kunywa yakae wapi, simu ishikwe na nini, mtungi wa kuzimia moto ufungwe katika chuma gani, na mkungu wa ndizi aliopewa na mwenyeji wake wa Kinole usafiri vipi pasipo kuacha utomvu juu ya kiti. Aghalabu masuala haya hujibiwa kwa haraka, kwa kununua kitu cha kwanza kinachopitishwa dirishani gari linaposimama, na jibu hilo la haraka ndilo lililoharibu magari mengi mazuri niliyoyaona katika mji huu. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja hapa kwa utulivu, ni kwamba ndani ya gari la namna hii nafasi haikosekani, kinachokosekana ni kishikizo. Na kwamba chochote kinachoongezwa humo sharti kiweze kushika vitu katika kona za milima, na sharti kiweze kuondolewa siku yoyote bila kuacha kovu.

Mfano wangu ni Toyota Altezza, kwa kuwa ni gari linalojulikana sana katika barabara zetu, tena mimi mwenyewe ninalo la mwaka 1999. Lilitoka kiwandani Japani mara ya kwanza mwaka 1998, chini ya usimamizi wa mhandisi Nobuaki Katayama, likatunukiwa nchini humo heshima ya kuwa gari la mwaka, na uundaji wake ukakoma mwaka 2005. Ulaya na Marekani lilijulikana kwa jina la Lexus IS, lakini meli zinazotia nanga Dar es Salaam zilituletea lile la Kijapani lenyewe, lenye usukani wa kulia kama ilivyo dasturi ya barabara zetu. Lilikuja na injini mbili za lita 2: ile ya silinda sita, pole na laini, na ile ya silinda nne iitwayo 3S-GE, ambayo katika gari la gia za mkono hutoa nguvu za farasi 210. Jina lake ni neno la Kitaliano, na maana yake ni kimo, tena ni utukufu wa mtu wa jaha. Nami kila niliegeshapo chini ya Lupanga, kilele kinachoutazama mji kutoka mita 2,138, huona kwamba jina limepata maskani yake.

Ukifungua mlango utakuta chumba kilichofumwa kumzunguka dereva. Mbele ya macho yake iko saa kubwa ya mwendo yenye visaa vidogo vilivyopangwa ndani yake, mfano wa saa ya mkono ya rubani. Viti vimemkumbatia mbavu. Mkono ukishuka kutoka kwenye usukani huangukia gia pasipo kuitafuta. Uzuri huo wote umelipiwa kwa nafasi. Mahali pa kuweka vitu utapahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: kisanduku kati ya viti, mifuko miembamba ya milango, droo ya dashibodi upande wa abiria, na kishikio cha kikombe. Kishikio hicho kilipimwa kwa mkebe wa kinywaji, ambao upana wake ni milimita 66 hivi, ilhali chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo kwetu ndiyo kipimo cha safari, inakaribia milimita 90. Katika milimita hizo 24 ndimo inamoanzia shida yote. Mhandisi hakukosea, kwa maana kila sanduku linaloongezwa ni uzito, na kila uzito ni adui wa mwendo. Fauka ya hayo, dereva wa Kijapani aliyekusudiwa alikutana na mashine ya kuuzia vinywaji kila alikogeuka, hakuwa na sababu ya kubeba maji ya kutwa. Gari lilipohama nchi, mahitaji yalibadilika, bali vipimo vilibaki vile vile.

Kisha huja umri. Gari lililoegeshwa juani mwezi wa Januari, madirisha yakiwa yamefungwa, hupita kwa urahisi joto la nyuzi 50 ndani yake, na plastiki iliyopikwa hivyo kwa miaka ishirini na mitano hukauka hata vile vibanio vidogo ambavyo mafundi huviita klipu, ambavyo kazi yake ni kushika kila kifuniko mahali pake, hukatika mtu anapovigusa. Kifuniko kinachogongagonga barabarani mara nyingi si kibovu. Klipu zake tatu ndizo zilizokufa. Ikiwa mtu hana fedha ila za kazi moja tu, basi na aanze hapo: anunue klipu, afungue kifuniko kimoja kimoja kwa ubapa wa mti wala si kwa bisibisi, na arudishe utulivu wa chumba kabla hajaongeza kitu. Nimewaona watu wakiongeza spika kubwa ili kuufunika mtikisiko ambao shilingi chache zingeuondoa.

Kwa upande wa pili wa mwaka iko masika, na hapa Morogoro ina hali yake ya pekee. Mji wenyewe haupati mvua nyingi mno, lakini miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na gari lililokwenda Matombo au Kinole likarudi na kapeti mbichi, likafungwa usiku kucha, huamka na koga. Kwa hiyo kitu kinachowekwa ndani ya gari la hapa sharti kistahimili mambo mawili yanayopingana, ukavu wa joto na unyevu wa milima, na vitu vingi vinavyouzwa madukani havikuundwa kwa moja wala kwa jingine.

Wenye magari haya wamegawanyika katika rai mbili. Wako wanaoshika asili, ambao kwao hata parafujo ikibadilishwa gari limeingiliwa. Nao wana hoja, kwa kuwa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani huzidi kuwa adimu kila mwaka, na kilicho adimu hupanda thamani. Wako pia wapambaji, ambao humaliza dashibodi nzima kwa kitambaa cha manyoya, wakatoboa matundu ya taa za buluu, wakabandika vishikio vinne vya simu, na kunyunyiza manukato ya mkebe ambao juu yake pameandikwa usiachwe penye joto la kupita nyuzi 50, wakauacha papo hapo penye joto hilo. Mimi siwezi kuwa wa kundi la kwanza, kwa maana gari lisiloweza kubeba maji ya kunywa katika nchi hii si gari la kutumiwa, ni la kutazamwa. Wala siwezi kuwa wa kundi la pili. Lakini nadhani makundi yote mawili yamekosea mahali pamoja: yanabishana juu ya sura ya vitu, ilhali suala la kwanza ni mwendo wa vitu hivyo gari linapokata kona.

Hesabu yake si ngumu. Nguvu inayokisukuma kitu nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Chukua chupa ya maji iliyojaa, imesimama juu ya sakafu ya gari. Nusu ya upana wake ni sentimita 4 na nusu, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 15 hivi kutoka chini, basi itaanguka pale nguvu ya kona inapozidi sehemu tatu za kumi za uzito wake. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, ambayo ni kona ya kawaida kabisa mlimani, mwendo wa kilomita 30 kwa saa huzaa nguvu pungufu ya robo ya uzito, na chupa husimama kama mtu mwenye adabu. Mwendo wa kilomita 40 huzaa nguvu ya zaidi ya sehemu mbili za tano, na chupa imekwisha kulala kabla dereva hajanyoosha usukani. Tofauti ni kilomita 10 tu, nazo kwa gari la spoti si kitu. Dereva hatasikia hata kwamba amekwenda kasi. Hapo ndipo ilipo hatari ya pekee ya magari haya: yamefungwa chini kwa ustadi hata humficha mwenyewe nguvu zinazovihamisha vitu vyake.

Hili sikulijua kwa vitabu. Mwezi wa Agosti wa mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, nilikuwa nashuka kutoka Mgeta kuelekea Mlali, njia ikiwa kavu na vumbi lake jekundu, na chupa yangu ilikuwa imesimamishwa sakafuni kando ya kiti changu kama ilivyokuwa ada yangu ya siku zote. Katika kona ya kwanza ilianguka; katika ya pili ilipita chini ya magoti yangu; na nilipokanyaga breki kwa ajili ya ya tatu, mguu wangu ulikutana na kitu kinachobonyea kidogo, kisha kikakataa. Ilikuwa imelala nyuma ya kanyagio, imebanwa baina ya chuma na sakafu. Nilivuta breki ya mkono, nikashusha gia hadi ya kwanza, injini ikapiga ukelele, na gari likasimama likiwa limeugusa ukingo wa udongo wa upande wa mlima, kwa rehema ya Mungu si upande wa pili. Nilishuka, nikaitoa ile chupa, imepindika kiuno, nikakaa juu ya jiwe kwa muda mrefu. Tangu siku ile sijaweka kitu chochote sakafuni pasipo kukifunga.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika mtungi wa kuzimia moto, ambao trafiki huuliza pamoja na zile pembetatu za kuakisi mwanga, na ambao wenye magari wengi huutupa chini ya kiti ili mradi upo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Mtungi wa poda ya kilo 1, ambao pamoja na chuma chake hukaribia kilo 2, huwa kana kwamba ni kitu cha kilo 40 kinachotafuta visigino vya dereva. Mahali pake pa haki ni mbele ya kiti cha abiria, chini, umelala kwa upana wa gari, katika kishikio cha chuma kilichofungwa kwenye bolti za reli ya kiti ambazo tayari zipo. Kishikio cha plastiki hakifai, na parafujo zilizokomelewa kwenye kapeti hazishiki chochote ila kapeti.

Watu wa Afrika Mashariki hawana sababu ya kulishangaa somo hili, kwa kuwa liliandikwa katika barabara zao. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilidhihirika mapema kwamba gari halishindwi na injini peke yake. Datsun 240Z, gari dogo la viti viwili, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Toyota Celica ikafuata kwa miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Hayo yalikuwa magari ya spoti, nafasi zake finyu kuliko za Altezza, na bado yalibeba magurudumu ya akiba, vyuma, vifaa, maji na ramani, kila kitu kimefungwa kwa mkanda na kila mkanda umeshikwa na mwili wa gari. Wala ustadi huo haukuanzia kwenye magari. Jahazi lina feuli yake nyuma, yaani mahali pa kuwekea mizigo, nahodha ana sanduku lake, na hakuna chombo kilichopata kuvuka pepo za kusi huku vitu vikizagaa juu ya sitaha. Makasha ya Lamu na Unguja, yenye droo zake za siri na njumu za shaba, ni ushahidi kwamba watu wetu walikwisha kujua namna ya kuweka vitu vingi mahali padogo zamani kabla ya plastiki.

Basi vitu hivi vitoke wapi? Pale Msamvu, karibu na kituo cha mabasi, mtu anaweza kununua katika robo saa vikapu vya plastiki vya kuchomeka kati ya viti, mifuko ya kuning'iniza nyuma ya kiti, na vishikio vya vikombe vya kutia katika matundu ya kiyoyozi. Sivikatai vyote. Mfuko wa nyuma ya kiti ulioshonwa vizuri unafaa kwa daftari, kitambaa cha kufutia kioo na koti jepesi. Lakini kishikio kinachoning'inia kwenye ubao wa kiyoyozi kimeanzwa vibaya tangu asili, kwa sababu ubao ule uliundwa kuelekeza upepo, haukuundwa kubeba kilo moja na nusu ya maji, na katika gari la umri huu utavunjika kabla ya wiki kwisha.

Jibu lililo bora liko karibu zaidi, nalo liko katika historia ya mji wenyewe. Morogoro ulikusudiwa kuwa mji wa viwanda, na viwanda vilivyojengwa hapa vilikuwa, kama kwa makusudi, vya vitu vile vile vinavyohitajiwa ndani ya gari: ngozi, turubai, nguo, na katani katika mashamba yanayouzunguka. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikupata kuvuka asilimia 4 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Miongoni mwa makosa yake ni kwamba jengo lenyewe, kwa kuta zake za alumini na uchache wa njia za hewa, halikuundwa kwa joto la hapa. Nalitaja jambo hili kwa huzuni, kwa maana lina ndugu yake mdogo ndani ya kila gari lililojazwa vifaa vilivyobuniwa kwa tabia ya nchi nyingine. Hata hivyo ujuzi haukufungwa pamoja na milango. Fundi ninayemwendea mimi, mzee wa Kiluguru ambaye kibanda chake kiko Kihonda, alijifunza kukata ngozi katika viwanda hivyo akiwa kijana, na leo hushona viti vya magari, mahema na mifuko ya mafundi umeme.

Nilipokwenda kwake mara ya kwanza nilimwambia kwamba nataka mfuko wa kuweka chupa. Hakujibu kitu. Aliniambia niketi katika kiti changu kama ninayeendesha, nifumbe macho, niunyooshe mkono wa kushoto kama ninayetafuta maji nikiwa njiani; kila mkono wangu ulipoanguka, yeye akatia alama kwa chaki. Tulifanya hivyo mara tano. Alama nne zilikuwa mahali pamoja, ubavuni mwa kisanduku cha kati, upande wa abiria, shibiri moja kutoka sakafuni.

"Mjomba," aliniambia, "mkono wako umekwisha kuchagua. Mimi nitaufuata tu."

Kisha alikata kiolezo katika karatasi ya mfuko wa saruji, akakijaribu, akakipunguza kwa upana wa kidole, akakijaribu tena. Mfuko wenyewe aliushona kwa turubai ya pamba, nene, ya rangi ya majani makavu, mdomo wake ukiwa na pete ya ngozi iliyokunjwa mara mbili ili usikunjamane, na kitako chake kikiwa na tundu dogo lenye jicho la shaba ili maji ya jasho la chupa yatoke. Nilipendekeza tuufunge kwa kuuweka mkanda wake chini ya bolti ya kiti, naye akatikisa kichwa: kitambaa chini ya bolti hubonyea, hulegea, na bolti ya kiti hulegea pamoja nacho, na bolti hiyo ndiyo inayomshika mtu. Badala yake alikunja kichuma chembamba chenye tundu, kikakaa chini ya bolti, chuma juu ya chuma, na mkanda wa mfuko ukapita katika sikio la kichuma hicho. Kazi yote ilichukua alasiri moja. Ukifungua bolti moja, mfuko hutoka, na gari halijui kama uliwahi kuwamo.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu kanuni zote zimo ndani yake: mahali pachaguliwe na mkono, kipimo kichukuliwe juu ya kitu chenyewe kitakachowekwa, mzigo ubebwe na chuma cha gari, na kusitobolewe kitu kipya. Turubai ya pamba ni bora kuliko reksini kwa kuwa hupumua, huoshwa, haipasuki kwa jua. Koga ikiishika husuguliwa kwa sabuni na kuanikwa. Ngozi nayo inafaa penye msuguano, hasa kwenye ubavu wa kiti cha dereva, mahali panapoliwa na paja kila anapoingia na kutoka. Kiraka cha ngozi kilichoshonwa vizuri hapo, na sponji mpya chini yake, humrudishia dereva kiti chake kwa gharama ndogo kuliko kava za viti zote. Na juu ya kava natoa hadhari: baadhi ya magari yana eabegi, yaani mfuko wa hewa wa usalama, ndani ya ubavu wa kiti chenyewe, na kava iliyofunika kiti kizima huuzuia kufunguka. Mwenye gari na asome vibandiko vya kiti na nguzo ya mlango kabla hajavisha kitu.

Katani inastahili heshima kubwa zaidi kuliko inayopewa. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai, na kutokana na hiyo 62 nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani, ikivuna katika mwaka 1964 tani zipatazo 230,000. Katika miaka ya 1990 Mercedes-Benz waliitumia pamoja na kitani katika paneli za milango ya magari yao ya E-Class, kwa sababu ni nyepesi na imara. Nasi tunaoishi kando ya mashamba yake tunanunua kapeti za plastiki. Kapeti ya katani iliyokatwa kwa kiolezo, ikatiwa mpaka wa turubai na jicho la kushika kwenye ndoano ya sakafu, hukamata vumbi la Mgeta lisipepee, na wala haitelezi kuelekea kanyagio. Kasoro yake ni maji. Wakati wa masika hutolewa, na mati za raba huingia mahali pake.

Nabaki na umeme, ambao ni mlango mwingine wa uharibifu. Redio za magari ya Kijapani za enzi hiyo hupokea mawimbi ya FM ya megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali vituo vyetu vimeenea mpaka 108, ndiyo maana mgeni wa gari hili hushangaa kusikia vituo viwili au vitatu na baadaye kimya. Tiba ya bei nafuu ni kile kidude kidogo cha kupanua mawimbi, kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, pasipo kukata chochote. Tiba ya pili ni redio mpya. Tundu la redio lina kipimo chake cha kimataifa, upana wa milimita 180 kwa kimo cha 50, au kimo cha 100 kwa zile kubwa. Basi mwenye kuchagua redio ndogo katika tundu kubwa hupata chini yake kijaluba cha bure, kirefu, kilicho mbele ya macho, ambacho kwa maoni yangu ndiyo nafasi bora kuliko zote ndani ya gari hili. Mimi huweka humo risiti, kalamu na sarafu, juu ya kipande cha turubai kinachozuia kelele.

Lakini redio mpya ifungwe kwa soketi inayolingana na ya gari, isifungwe kwa kukata waya na kuzisokota. Gari langu lilipofika kwangu lilikuwa limekwisha kupita katika mikono ya fundi mmoja wa mji mwingine aliyezikata zote, akazifunga kwa gundi ya karatasi. Kwa miezi mitatu betri ilikuwa ikiisha usiku, na kumbe waya mmoja ulikuwa unakunywa umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kadhalika kila kifaa kipya kipate fyuzi yake. Tundu la kuwashia sigara kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 15, ambayo katika volti 12 ni wati 180. Chaja ya simu hukaa humo kwa raha, lakini pampu ya upepo, friji ndogo na chaja tatu kwa pamoja zitaiunguza, na mtu atakayebadilisha fyuzi hiyo kwa kubwa zaidi, au kwa kipande cha waya, ameuhamishia moto ndani ya ukuta wa dashibodi asikouona.

Simu yenyewe na ikae chini ya mstari wa kioo, kulia au kushoto kwa usukani, mahali ambapo jicho hupafikia bila kichwa kugeuka. Isikae juu ya kile kifuniko chenye herufi za SRS, upande wa abiria, kwa maana nyuma ya herufi hizo iko eabegi, na mfuko huo ukifunguka humtupia abiria usoni kila kilichobandikwa juu yake. Sababu hiyo hiyo inaiharamisha, kwa maoni yangu, ile dasturi ya manyoya ya dashibodi; na kwa wale waipendao mbao, mninga na msaji wetu ni miti ya kujivunia katika kichwa cha gia, bali si katika usukani wenye mfuko wa hewa ndani yake.

Juu ya buti nitasema machache. Altezza lina buti la haki, na kosa la watu ni kuliacha tupu katikati yake hata mzigo mdogo ukacheza ngoma humo kutoka Mikumi hadi Msamvu, katika matuta yote ya kilomita 50 za mbuga. Jeki, spana ya magurudumu, kamba na taa viwekwe katika mkoba mmoja wa turubai uliokunjwa na kufungwa pembeni, juu ya tairi la spea. Wavu wa kamba ushikwe kwenye ndoano nne. Na kwa mazao ya milimani, njegere za Nyandira au mananasi, pawe na pakacha au tenga la kweli lililowekwa chini ya wavu, kwa kuwa tenga hupitisha hewa na huchukua umbo la mzigo wake, jambo ambalo sanduku la plastiki haliwezi. Uzito uwe chini na mbele, karibu na mgongo wa kiti, usiwe nyuma kabisa. Gari la spoti lililobebeshwa mkiani husahau ustadi wake katika kona.

Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi wa Juni 2024, rafiki zangu walidhani magari kama langu yatakosa maana, kwa sababu hakuna tena haja ya kukimbizana barabarani. Mimi naona kinyume chake. Aliye na haraka apande treni, na gari libaki kwa safari ambazo treni haiendi, za Mlali, Mzumbe, Mvuha na barabara za chini ya mlima alasiri ya Jumamosi, ambazo mtu huzifanya kwa mapenzi; na kwa safari za mapenzi ndipo inapofaa zaidi kwamba kila kitu ndani kiwe kimya na kiwe mahali pake.

Wiki iliyopita nilipita Kihonda kuchukua mkoba wa vifaa. Ukutani, kwenye msumari, palining'inia vile vipande vya karatasi ya saruji vya mfuko wangu wa chupa, mzee amevihifadhi, juu yake ameandika kwa kalamu ya risasi jina la gari na vipimo vyote, na chini yake vilikuwapo vipya vitatu, vya magari ya watu wengine. Kijana mmoja alikuwa ameketi ndani ya Celica nyeupe mbele ya kibanda, macho ameyafumba, mkono wa kushoto umenyooka, na mzee ameinama mlangoni na chaki yake, akingoja mkono uanguke.